Kupanda mlima kwa baiskeli mara ya kwanza: Mombo–Lushoto, Himo–Marangu geti au Mbeya–Chunya?

Pedali_Ubungo
Wakuu habari za mchana. Mimi mtu wa Dar, Jumapili napiga Bagamoyo na kurudi au Kibaha, kilomita 80 hazinisumbui, ila ukweli ni kwamba mlima sijawahi kupanda, mlima wangu mkubwa mpaka leo ni ile flaiova ya Ubungo msinicheke. Mwisho wa Agosti nina likizo ya siku nne na nimeapa lazima nipande kitu cha maana. Nimebaki na tatu, Mombo kwenda Lushoto, Himo kwenda Marangu mpaka geti la KINAPA (hifadhi ya Kilimanjaro), au Mbeya kwenda Chunya ile barabara ya juu kabisa. Baiskeli yangu ni ya resi ya chuma, mtumba, mbele meno 52 na 42, nyuma friwili (zile gia za gurudumu la nyuma) ya gia sita, kubwa kuliko zote ina meno 24. Mngekuwa nyie mngeanza na ipi?

shambalai_mtoro
Lushoto. Huo ndio ushauri, mengine ni maelezo tu haha.

Haya maelezo. Mombo iko chini, mita 400 na kitu juu ya usawa wa bahari, Lushoto mjini ni kama 1,400, na katikati ni kilomita 33 hivi za lami. Ukigawa unaona kama asilimia 3, unasema mbona rahisi, hapana, usidanganyike na wastani maana mlima wenyewe uko nusu ya kwanza. Kutoka Mombo mpaka Soni ndo unapanda kweli, barabara imebandikwa ubavuni mwa mlima, korongo upande mmoja na jiwe upande mwingine, kona baada ya kona, ila uzuri wake haikurupuki, inapanda kwa kiasi kilekile muda wote kwa hiyo ukishapata mwendo wako unakaa nao. Ukifika Soni unasimama pale maporomoko yanaonekana barabarani kabisa, unakula muwa, unapumzika, halafu ile nusu ya pili inakupa mpaka vipande vya kuteleza bila kupiga pedali.

KiboBaridi
Mangi mwenzangu usimsikilize huyo wa plamsi na kabichi. Njoo Marangu, mlima ni Kilimanjaro, hiyo mingine ni vilima vimepewa jina. Himo mpaka getini haifiki kilomita 20 na unamaliza kwenye mita 1,860 hivi, yaani kama kilomita nzima ya kwenda juu, ukipozwa na kibaridi cha migomba njia nzima. Na ukikata tamaa Noah zipo, unanyoosha mkono tu.

Pedali_Ubungo
@KiboBaridi sawa ila kama unapanda kilomita nzima kwenda juu kwenye 18 si ni mkali kuliko Lushoto?

KiboBaridi
Aaa sasa unaanza kuuliza maswali ya kikaguzi. Wastani ni kama asilimia 5 na kidogo. Himo mpaka Marangu Mtoni inavumilika. Mtoni kwenda geti ndo shughuli, zile kilomita tano za mwisho zinasimama, mimi mwenyewe mwaka jana nilishuka mara mbili nikasukuma na watoto wa shule wakanisukumia wanacheka. Ila raha yake hapo getini hata ukifika na machozi unapiga picha na ule ubao na hakuna atakayejua.

fundi_gia_Temeke
Samahani nyote mnaongea habari ya mlima wakati mlima sio tatizo la huyu kijana. Tatizo ni hiyo 42 kwa 24. Ngoja niwape hesabu ya fundi. Tairi ya resi ikizunguka mara moja inakwenda kama mita 2.1. Kwa 42 mbele na 24 nyuma, pedali moja kamili inakupeleka mita 3.7 hivi. Mpandaji mgeni kwenye mlima wa kweli anakwenda kilomita 8 kwa saa, sio zaidi, sasa ukipiga hiyo hesabu mguu wako utazunguka mara 36 tu kwa dakika. Thelathini na sita! Hapo sio kuendesha ni kusukuma gari bovu, na magoti ndo yatalipa. Mtu anatakiwa awe angalau 60 na zaidi ili mapafu yafanye kazi badala ya goti.

Habari njema, friwili yako ni ya kufungua kwa ufunguo, sio ya kaseti, tafuta ya meno 14–28 Kariakoo zipo tele ni za baiskeli za Kichina, kama mkono wa gia (kile kinachohamisha mnyororo nyuma) ni mrefu hata ile ya 34 inakaa. Mwambie fundi akuongezee na mnyororo, watu wanasahau hapo, wanafunga friwili kubwa na mnyororo uleule, siku ukiweka gia kubwa ya mbele kwa kubwa ya nyuma mkono wa nyuma unang'oka. Na kama krenki yako inakubali, toa hiyo 42 weka 39.

Pedali_Ubungo
Mzee wangu asante sana, hii hakuna mtu alishawahi kuniambia. Nilikuwa nadhani kukomaa ni kukomaa tu.

nyanda_za_juu
Wa Mbeya nimefika, nimechelewa nilikuwa shamba. Naona watu wanashindana kwa mita 1,400 na 1,800, sisi hapa mjini tu tunaamkia 1,700 😀. Barabara ya Chunya unatoka mjini unaingia msitu wa Kawetere unapanda tu, kilomita ishirini na kitu mpaka pale World's End, unasimama ukingoni unaona bonde lote la Usangu limelala chini kama mkeka. Lami nzuri, magari machache, mengi ni ya tumbaku na ya wachimba dhahabu wanakwenda Chunya.

Lakini ndugu yangu wa Dar nitakuwa mkweli, usianze na huku. Sio miguu, ni hewa. Kule juu tunazungumzia mita elfu mbili na zaidi, ukikaribia 2,400 msukumo wa hewa unakuwa kama robo tatu ya ule wa pwani, mtu aliyelala Ubungo jana akaja kupanda leo ataona pumzi inakatika na hajui kwa nini, atafikiri anaumwa. Ukija kaa siku mbili kwanza, kula viazi, tembea tembea. Una siku nne, mbili basi, mbili kuzoea, utapanda lini?

dada_wa_korogwe
Mimi nimepanda Lushoto mara tano na Marangu mara moja kwa hiyo nadhani naruhusiwa kusema. Kaka kupanda wote mnaongea, kushuka mbona hamna anayeongea? Baiskeli ya chuma ya zamani ina breki za kubana rimu. Soni kwenda Mombo unashuka muda mrefu na kona hazionekani, ukibana breki njia nzima rimu inachemka, tyubu inaweza kupasuka na wewe uko kwenye kona na korongo linakusubiri. Bana kwa nguvu kabla ya kona halafu achia, badilisha mbele na nyuma, simama njiani ushike rimu, ukiona inaunguza pumzika. Na mabasi. Barabara ile ni nyembamba, dereva anapiga honi kabla ya kona akitegemea aliyeko upande wa pili asikie, sasa wewe umevaa ispika masikioni unasikiliza bongofleva... toa hizo kitu.

Marangu barabara ni pana kidogo lakini bodaboda wengi mno na wanakupita ndani kushoto kwako, sijawahi kuelewa kwa nini.

Kwa gia za huyu kaka hata akibadilisha friwili mimi nakubaliana na Lushoto. Zile kilomita tano za geti la Marangu kwa 42 mbele ni kujitafutia lawama.

mtu_wa_ilula
Kitonga, ule mlima wa barabara ya Iringa, hamjaitaja?

dada_wa_korogwe
Kitonga na malori ya Zambia na Kongo? Hapana jamani, huyu anataka likizo.

nyanda_za_juu
Kitonga hata basi linaomba dua.

KiboBaridi
Basi sawa nakubali friwili kwanza halafu Lushoto, ila Krismasi uje Marangu, mbege nitalipa mimi. Ukishamaliza kupanda lakini sio kabla.

shambalai_mtoro
Kuhusu saa, anza Mombo saa kumi na mbili asubuhi, kabisa usichelewe. Mombo saa nne ni oveni wakati Lushoto Agosti asubuhi kuna ukungu na baridi ya kuvaa sweta, kwa hiyo beba koti jepesi hata kama unatoka jasho chini, utalitaka wakati wa kushuka sio wakati wa kupanda. Maji chupa mbili, Soni unajaza. Kwa mara ya kwanza jipe masaa matatu, usitazame simu. Na ukifika usirudi siku hiyohiyo, lala, kesho yake nenda Irente ni kama kilomita tano sita kutoka mjini, unatazama ulikotoka, reli na mashamba ya mkonge yako chini huko kama yamechorwa. Ile ya kushukia Mlalo kwenda Mng'aro achana nayo, ni vumbi na mawe, tairi zako za resi zitalia.

Pedali_Ubungo
Nimeamua basi, Lushoto. Friwili ya 28 nimeshamtuma dogo. Swali la mwisho, basi linabeba baiskeli? Mara ya mwisho nilisafirisha kwa basi moja silitaji, konda akanitoza kama abiria kamili halafu akaweka magunia ya nazi juu yake, mkono wa gia ulifika umepinda.

fundi_gia_Temeke
Linabeba, elewana bei na konda kabla hajaifungia buti. Toa tairi la mbele na pedali, mkono wa gia wa nyuma ufungue skrubu uuingize ndani ya fremu uufunge kwa kipande cha tyubu, halafu zungushia boksi la friji. Mnyororo uwe upande wa juu. Na kaa dirisha la upande wa buti, kila kituo wakifungua wewe shuka ukaangalie.

Pedali_Ubungo
Boksi la friji sina, la TV linafaa?

fundi_gia_Temeke
La inchi ngapi?