Borromeo na tauni ya Milano: yale maandamano yalikuwa sahihi?

Wakuu, kila ukizuka ubishi wa kufunga makanisa wakati wa mlipuko, kama ule wa korona 2020, hakosi mtu wa kumtaja Mt. Karoli Borromeo: "Askofu mkuu wa Milano aliandamana na waumini katikati ya tauni, nyie mnaogopa nini?" Tuchambue.

Mwaka 1576 tauni ilipoingia Milano, gavana wa Kihispania (Milano ilikuwa chini ya Hispania) aliondoka na wakubwa wengi wakamfuata. Borromeo alibaki. Mapazia ya jumba lake yakashonwa nguo za maskini. Oktoba akaongoza maandamano ya toba, pekupeku, kamba shingoni, mkononi msalaba wenye msumari unaoaminika kuwa wa Yesu. Watu wa afya, yaani maofisa wa afya wa mji, hawakuyataka.

Kwangu mimi, hapo alikosea. Ila wanaomtaja huishia hapohapo. Baadaye mji mzima ulipofungiwa majumbani, hakubishana na amri. Alisimamisha altare kwenye njia panda, padre akasoma misa barabarani na watu wakaifuata dirishani. Kengele ikilia, mtaa unaitikizana sala, huyu ghorofani, yule ng'ambo. Huyo Borromeo namkubali.

— Mkuu, unamwonea. Wagonjwa walikatazwa kuandamana. Na mji ulioachwa na gavana wake ulihitaji kumwona mtu mmoja hajakimbia.

— Kumwona sawa, angepita peke yake! Waliokufa ni kama 17,000, nani atajua wangapi waliambukizana siku zile?

— Mnamsifu bure. Alipata ukardinali 1560, umri miaka 21, kwa sababu Papa Pius IV alikuwa mjomba wake. Na 1583, alipofanya ziara bonde la Mesolcina (Uswisi ya leo), watu walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi.

Mtoa mada: La mjomba ni kweli tupu. Lakini mjomba alifariki Desemba 1565, miezi michache tu baada ya kijana kuhamia Milano. 1569 mtawa wa shirika la Humiliati alimfyatulia risasi akiwa anasali, maana alikuwa anawabana wajirekebishe. Ilimgonga bila kumwingia. Aliyebebwa tu angeshakimbilia Roma. La Mesolcina sina utetezi, na sitautafuta.

Turudi kwenye hoja: watu wa afya wanasema hapana, askofu anasema twende. Neno la mwisho lilikuwa la nani?