Naomba ushauri: simu inaninyang'anya utulivu wa kutazama maigizo na filamu
Ndugu zangu, salaam. Nilianza kupenda michezo ya jukwaani nikiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wakati fulani nilikuwa tayari kusafiri kilomita 70 hivi hadi Bagamoyo ili tu nitazame maonyesho ya wanafunzi wa sanaa. Siku hizi, nikiketi kutazama filamu nyumbani Tabata, dakika 10 hazipiti kabla mkono haujaitafuta simu, na nikishafungua TikTok au Instagram, filamu inakwisha sijui nani alimkosea nani. Juzi iliniuma zaidi: binti yangu aliigiza shuleni, nami nikamtazama kupitia kioo cha simu, nikiwaza maneno ya kuisindikiza video hiyo mtandaoni. Aliponiuliza ni sehemu ipi iliyonigusa, sikuwa na jibu.

Naomba ushauri wa waliowahi kupitia hali hii: je, nizifute kabisa programu hizo, ingawa wateja wangu wa vitenge hunipata humo, au ipo namna ya kuirudisha ile subira? Na anayefahamu ukumbi wenye maigizo ya Kiswahili mwisho wa juma hapa jijini, tafadhali anielekeze, nimpeleke binti yangu.