IST linalia likiwashwa asubuhi, na lina tiki-tiki likipanda Bugando. Nianzie wapi?

Capri_Juu
Wakuu, habari za jioni. Gari ni Toyota IST, injini 1NZ-FE, kilomita 187,000, niko Mwanza. Milio ni miwili.

Wa kwanza: likilala usiku kucha, asubuhi nikiwasha linatoa krrrr kwa sekunde 3 au 4, kama mnyororo wa baiskeli uliolegea, halafu kimya. Mchana nikizima na kuwasha, hakuna kitu.

Wa pili: tiki-tiki-tiki ya haraka upande wa manifoldi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini). Nikikanyaga mafuta kupanda kilima cha Bugando inazidi, injini ikishapata moto inapungua sana. Taa ya oili haiwaki. Fundi mmoja kasema injini inaelekea kunoki, nitafute nyingine. Mwingine kasema nimwage oili niweke nzito ya 20W-50. Nimsikilize nani?

Spana_ya_Kumi
Usimsikilize yeyote kwanza. Injini inayonoki hugonga kwa sauti nzito ya chini, na oili ikipata moto na kuwa nyepesi ndipo mlio wa kugonga unapozidi. Yako inafanya kinyume.

Huo wa asubuhi ni cheni ya taimingi (ile inayozungusha kemshafti za vavu) kukosa mvuto. Tensha (kifaa kinachokaza cheni) ya 1NZ inasukumwa na presha ya oili. Oili ikirudi yote kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) usiku, cheni inapiga hadi presha ipande. Sababu ya bei rahisi kuliko zote ni filta. Ishike mkononi, chungulia kwenye yale matundu madogo yanayozunguka tundu la katikati: uone mpira umeyaziba kwa ndani. Huo ndio unaozuia oili kurudi chini. Ukiona bati tupu, au mpira umekakamaa kama plastiki, umempata mwizi.

Weka filta yenye mpira mzuri na oili ya 5W-30, lita 3.7 pamoja na filta. Usimimine galoni nzima ya lita 4 kwa sababu tu imebaki. Na kupima, egesha pahali tambarare, zima, subiri dakika 5 ndipo uchomoe kijiti. Mwanza hii ya milima watu wanapima gari likiwa limeinama, wanaongeza oili isiyohitajika.

Mawe_Matatu
Naunga mkono, ila 20W-50 naipinga kwa nguvu zaidi. Oili nzito asubuhi inachelewa kufika kwenye tensha, kwa hiyo krrrr itarefuka. Halafu VVT-i (mfumo unaobadilisha wakati wa vavu kufunguka) ya injini hii inapitisha oili kwenye chujio dogo lililo chini ya bolti kwenye hedi. Likiwa na uchafu, oili nzito inazidi kupita kwa shida. Wanaoipenda wanaitumia kufunika sauti siku ya kuuza gari.

Kama bado una hofu ya kunoki, kuna kipimo cha dakika 10. Injini ikiwa ya moto na kwenye sailensa (inazunguka bila kukanyagwa mafuta), chomoa soketi ya koili ya silinda moja pamoja na ya injekta yake (ukiacha injekta, petroli mbichi inakwenda kuharibu katalisti, kisafisha moshi cha kwenye ekzosi). Sikiliza, rudisha, nenda silinda inayofuata. Mlio wa kugonga ukififia kwenye silinda fulani, beringi ya konrodi (mkono unaoshika pistoni) ya silinda hiyo ndiyo mgonjwa. Usipobadilika popote, tafuta kwingine. Ukitaka jibu lisilo na ubishi, fungua swichi ya presha ya oili, funga geji: injini ya moto kwenye sailensa isishuke chini ya psi 4, na kwa mizunguko 3,000 iwe kati ya psi 22 na 80.

Nyegezi_Stendi
Tiki-tiki inayopungua kwa moto mimi naiita gasketi ya manifoldi mpaka ithibitike vingine. Chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba ufa. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, washa na mara moja nyunyizia maji ya sabuni kwenye maungio ya manifoldi na hedi, povu litakuonyesha. Angalia pia masizi meusi kwenye ukingo. Kaza nati injini ikiwa ya baridi, kuanzia katikati kwenda pembeni. Stadi (bolti isiyo na kichwa inayoshika nati) ikikatika, hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Povu lisipotoka, pima vavu. 1NZ haina tapeti za oili (zinazojirekebisha zenyewe), kwa hiyo nafasi kati ya tapeti na kemshafti inabadilika kwa umri. Kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), injini ya baridi: za kuingiza 0.15 hadi 0.25 mm, za kutoa 0.25 hadi 0.35. Kurekebisha ni kuweka tapeti yenye unene mwingine, hakuna skrubu ya kukaza. Atakayekwambia "nitakaza tapeti" hajawahi kuifungua.

Capri_Juu
Asanteni wakuu. Filta niliyotoa matundu yako wazi, bati tupu. Nimeweka nyingine na 5W-30. Asubuhi mbili sasa krrrr haifiki sekunde 1. Povu limetoka silinda ya 4, nati moja imelegea kabisa.

Spana_ya_Kumi
Hiyo ya sekunde 1 inaweza kuwa pini ya kufungia ya gia ya VVT, au cheni imevutika kidogo. Safisha lile chujio dogo kwanza. Usikubali kufunguliwa cheni leo: kwenye 1NZ tensha iko ndani ya kava la mbele, si kama ya 1ZZ (injini nyingine ya Toyota) ambayo unaitoa kwa nje kwa nati 2. Krrrr ikirudi kuwa ndefu, au ikasikika injini ikiwa ya moto, hapo fungua kava, na ubadilishe cheni, tensha na zile reli mbili za kuongoza cheni kwa pamoja.

Hiyo nati, kabla ya kuikaza, angalia kama nyuzi za stadi bado zipo.