Naomba ushauri: nawapelekea uji wanaouguza hospitali, sasa nimekwama

Habari zenu wapendwa, mimi nakaa Dar, chumba kimoja na mume na watoto wawili, kwa hiyo kukaribisha mtu kwangu ni ngumu kweli, na ile Waebrania 13:2 ya kuwafadhili wageni ilikuwa inanisumbua sana mpaka nikaamua ukarimu wangu niutoe nje. Kila Jumamosi nabeba chupa mbili za uji wa ulezi nimeukamulia ndimu, naenda hospitali moja kwa wale ndugu waliotoka mikoani kuuguza, wanalala barazani wametandika kanga, mjini hawana mtu. Jamani unamkuta mama kashika kikombe kwa mikono miwili hanywi, anauliza kwanza ni bei gani.

Ramadhani dada mmoja alikataa, kumbe kafunga, niliumia kwa kutofikiria, kesho yake nikarudi jioni na tambi akafuturu.

Sasa kuna mama wa Kigoma, mwanae karuhusiwa ila nauli ya basi hana na ameniomba mimi. Mume anasema nikimpa huyo wote watanifuata, na hela iliyopo ni ya ada ya mtoto. Nimewaza kuipeleka shida yake kwenye jumuiya yetu ya kanisa, naogopa wataniambia huyo si mshirika wetu. Mliowahi kufanya huduma hii, mlifanyaje? Nimkatie tiketi mwenyewe, au nianze na ustawi wa jamii wa hospitali? Nijibuni mapema, mama wa watu bado yuko pale barazani na mtoto.