Tumepigwa dola 5,800 South Dakota: dume wa "kuwinda" anaitwa kwa honi kama ng'ombe wa maziwa

Wakuu salaam.

Naandika na hasira, kwa hiyo mtanivumilia nikirukaruka. Mods, tafadhali msinihamishie uzi kwenye jukwaa la utani. Hela iliyokwenda ni ya kweli, hela ya kuendesha lori usiku kwenye theluji wenzako wamelala.

Watu watatu tulichanga dola 5,800 kwenda kuwinda dume wa baisani kwenye ranchi moja huko South Dakota. Jina lake siliweki, malalamiko tumeshapeleka na sitaki wapate pa kunishikia. Tuliahidiwa dume mzee wa miaka minane kwenda juu, eneo la ekari 3,000, mwongozaji kwa siku mbili, na mnyama kuchunwa na kupozwa palepale. Tulichopewa ni kijana wa baisani anayefuata honi ya gari, na mapaja mawili yaliyooza.

Kwa mlioko nyumbani: baisani ni yule mwenye nundu, ndevu na manyoya mazito mbele, ambaye Wamarekani wenyewe wanamwita bafalo. Mswahili akisikia bafalo anajua ni mbogo. Siyo. Huyu kwa damu yuko karibu zaidi na ng'ombe kuliko na mbogo wetu. Dume aliyekomaa anafika kilo 900, na upole wake usikudanganye, kule hifadhi ya Yellowstone karibu kila mwaka kuna mtalii anarushwa juu kwa tamaa ya picha.

Mtauliza kwa nini ranchi, kwa nini nisiende kuwinda wa porini. Wa porini ni bahati nasibu. Wale wa Henry Mountains, Utah, ambao mbegu yao ililetwa kutoka Yellowstone mwaka 1941, ukibahatika kupata kibali ni mara moja tu maishani, hurudii. Custer State Park, hifadhi ya jimbo hukohuko South Dakota, nako ni kuchezesha majina. Nimejaza miaka mitatu, natoka kapa. Kwa hiyo ukitaka uhakika unaenda ranchi ya mtu binafsi, ambako kwa sheria ya jimbo lile baisani ni mifugo yake kama ng'ombe, na leseni ya uwindaji huhitaji. Hilo la leseni tulilifurahia sana. Kumbe ndilo lililotufunga mikono baadaye, nitafika huko.

Na sizidharau ranchi, msinielewe vibaya. Baisani walikuwa mamilioni kwa mamilioni wakapigwa mpaka wakabaki mamia, na waliowaokoa ni pamoja na wafugaji. Hao wa Custer State Park walianza mwaka 1914 na vichwa 36 tu, walionunuliwa kwenye ranchi ya Scotty Philip kule Fort Pierre. Leo wako zaidi ya elfu moja. Kwa hiyo mfugaji wa baisani anayeijua kazi yake namvulia kofia. Niliyekutana naye mimi siyo huyo.

Kosa langu la kwanza nalikiri: nilichagua kwa picha. Picha za wazee wa Kizungu wamepiga magoti nyuma ya dume mkubwa, nyasi za dhahabu, mlima kwa mbali. Nikapiga simu, nikauliza bei, nikauliza malazi, nikauliza pembe zina inchi ngapi. Sikuuliza hata swali moja kuhusu kinachofuata baada ya risasi. Wakuu, ranchi inajulikana baada ya risasi. Kabla ya hapo kila mtu ana picha nzuri.

Basi, Oktoba tukaondoka. Mimi, Ami wetu wa Unguja, na ndugu yetu Mkongomani wa milima ya Uvira tunayemwita Papaa. Ami sharti lake lilikuwa moja, na nililisema kwenye simu kabla ya kulipa: mnyama akianguka bado ana uhai, aruhusiwe kumchinja. Wakasema hakuna shida, wameshapokea Waislamu wengi. Papaa yeye alitaka nyama tu, ana watoto saba.

Asubuhi saa 1:30 mwongozaji akaja. Kijana wa miaka ishirini na kitu, macho kwenye simu. Hakuniuliza kama nimewahi kuwinda, wala hakuomba nipige risasi hata moja ya kujaribu shabaha. Tukapanda pikapu. Nikadhani tunakwenda mbali, nimevaa viatu vya kutembea kutwa. Baada ya dakika kumi akasimamisha gari mbele ya geti, akafungua, akaingia, akafunga. Nikatazama pande zote nne. Uzio nauona. Pande ZOTE NNE, wakuu, bila darubini. Hizo ekari 3,000 ni ranchi nzima pamoja na mashamba yao ya majani makavu. Hapo tulipo hapazidi ekari 80.

Kisha akapiga honi. Pii, pii. Mara mbili.

Naapa, baisani kama thelathini walitokea nyuma ya kilima wanakimbia, wanakuja kwetu, mikia juu. Nyuma ya pikapu kuna kimashine cha kumwaga chakula cha mifugo, vile vidonge vinene kama kidole. Akakibonyeza, vikamwagika, wanyama wakapanga foleni wanatafuna. Nawasikia wanavyotafuna. Mmoja alijikuna kwenye bampa, gari likatikisika. Papaa akasema polepole, "Sasa hapa tunawinda nini?" Ami hakusema kitu, alikuwa ameshika kisu chake kwenye ala anatazama chini.

Mwongozaji akanionyesha dume mmoja, "huyo ndiye wenu". Nikamwambia mbona pembe zake ni nyembamba, zimechongoka zimesimama wima? Dume mzee shina la pembe ni nene na ncha zimelika, zimekuwa butu kwa kusuguana na kupigana. Akasema huyu ni wa aina hiyo. Aina gani? Akasema kama simtaki, mwingine ni nyongeza ya dola 2,000.

Hapa mtanilaumu, na ni haki yenu. Tumeendesha saa saba, hela yote imeshalipwa, watu wawili wananitazama. Nikasema haya.

Nikamwomba walau tushuke, tusogee pembeni kwa miguu. Akakataa, eti wakimwona mtu chini wanatawanyika. Nikapiga nikiwa nimeegemea dirisha la gari. Na hakuniambia jambo ambalo mwongozaji yeyote wa baisani angelisema kwanza: ile nundu ni mifupa mirefu ya uti wa mgongo na nyama, moyo uko chini kabisa, nyuma ya mguu wa mbele, karibu na kifua kinapoishia. Manyoya yanakudanganya unaona mwili unaanzia juu. Risasi yangu ya kwanza ikaenda juu. Mnyama akatikisika, akasimama tu. Ya pili ndiyo ilimwangusha.

Ami akafungua mlango ashuke. Mwongozaji akamrudisha kwa mkono, eti bima hairuhusu, na kweli wale wengine walikuwa wamemzunguka mwenzao wanamnusa na kumsukuma kwa pembe. Sasa hilo si ulilijua tulipoongea kwenye simu? Ami akanieleza nje ya geti kwa utulivu ulioniuma kuliko angefoka: mnyama uliyemfungia, anayekuja ukimwita, huyo umeshamuweza. Kwa madhehebu ya Shafii, mnyama aliyewezwa huchinjwa, hawindwi. Risasi inafaa kwa aliyekushinda. Kwa hiyo hata bila kuchelewa kumchinja, kwake yeye ile nyama ilikuwa imekwisha toka geti lilipofungwa.

Nyama yenyewe sasa. Mnyama kaanguka saa 2:30 asubuhi. Mwongozaji akawasogeza wenzake kwa gari, tukapiga picha mbili, akatazama saa akasema kuna mteja mwingine, kijana wa kuchuna anakuja sasa hivi. Sasa hivi hiyo ilikuwa saa 7 mchana. Siku yenyewe jua kali, nyuzi 24, na ile ngozi ni blanketi: manyoya, mafuta, nyama nene, joto la mwili halina pa kutokea. Tumbo likaanza kujaa tunaliona. Papaa amekua na ng'ombe, alitaka kulipasua mwenyewe atoe matumbo, tukaambiwa hapana, kugusa kabla ya mtu wao ni kuvunja mkataba. Akabaki anazunguka anatukana kwa lugha nne.

Katika kuzunguka ndipo akamfungua mdomo. Akaniita, "Njoo uone mzee wenu wa miaka minane." Meno ya mbele chini: jozi mbili kubwa katikati, pembeni bado meno ya utoto. Hata angekuwa ng'ombe, akasema, huyu hajafika miaka minne. Kisha akageuza sikio la kushoto. Kuna tundu, na ukingo wake bado mwekundu. Hereni ya namba imetolewa juzijuzi ili sisi tusiione.

Kijana wa kuchuna alifika na trekta, kisu kimoja, hana hata maji. Chumba cha baridi walichokiandika kwenye tangazo ni banda lenye feni. Tukampeleka wenyewe bucha ya mji wa pili, tumefika jioni. Siku ya tatu jamaa wa bucha akanipigia simu, mtu mstaarabu, hakutaka hata kuanza: mapaja ya nyuma yote mawili yananuka kwenye mfupa. Joto lilibaki ndani. Ametupa. Tulichobeba ni kilo 118 kwenye maboksi, kila pakiti imegongwa muhuri kwamba haiuzwi. Ngozi nayo manyoya mafupi, maana Oktoba bado; ya kupendeza inaanza Novemba mwishoni mpaka Januari, na hilo pia walilijua wakati wananiambia Oktoba ndiyo "msimu mzuri".

Malalamiko nayo ni mkasa mwingine. Idara ya wanyamapori ya jimbo wakanisikiliza vizuri, kisha wakasema baisani wa ranchi ni mifugo, wao hawana mamlaka, huo ni ugomvi wa biashara. Benki wakasema nilituma mwenyewe kwa akaunti, ingekuwa kadi wangejaribu kuirudisha. Sasa tumejaza fomu ya ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, kitengo cha kulinda walaji, na tunajiandaa na mahakama ya madai madogo. Ranchi wenyewe wanasema mkataba umeandika "dume", haukuandika umri. Nimeusoma upya. Ni kweli. Umri waliniambia kwa mdomo.

NYONGEZA: nimeona maoni, najibu machache.

Anayesema tungenunua nyama dukani: mkuu, nyama ya baisani dukani unaijua bei yake? Na hatukwenda kwa nyama peke yake. Mzee wangu alikuwa mbeba mizigo wa wawindaji Rungwa, Tanzania, nimekua na hadithi za kufuata nyayo siku mbili. Na kwetu sheria inakataza kumpiga mnyama toka kwenye gari. Mtu aliyelelewa hivyo ukimpigia honi unamtukana.

Anayeuliza aulize nini akipiga simu: uliza ekari ngapi ndani ya uzio MMOJA, na baisani wangapi humo. Uliza kama wanalishwa kwa gari eneo hilohilo la kuwindia. Uliza nani anatoa matumbo, ndani ya dakika ngapi, na omba picha ya chumba cha baridi, siyo ya dume. Umri uandikwe kwenye mkataba, na kwamba meno yatatazamwa. Ukijeruhi mnyama akapotea unalipa kiasi gani, hilo nalo waliandike. Halafu omba namba ya mteja wa mwaka jana, na ya bucha wanayotumia. Mwenye bucha ndiye shahidi, ameona nyama ya kila mteja wao. Mimi yule jamaa wa bucha aliniambia mwenyewe, tukiwa tunapakia maboksi, kwamba siyo ya kwanza kutoka ranchi ile. Ningempigia simu Septemba ningekuwa na hela yangu.

Anayesema Ami anazidisha: Ami amelipa theluthi yake kamili na hajala hata kipande, wala hajanidai. Mimi ndiye ninayejidai. Papaa kachukua fungu lake na la Ami, watoto wanakula. Fuvu liko gereji kwangu, mama watoto kakataa lisiingie ndani.

Jana ranchi wameniandikia. Nikafungua haraka nikijua ni fidia. Wananipa punguzo la asilimia 10 msimu ujao nikija na kikundi cha watu wanne.

Mwenye ranchi anayoifahamu kwa kufika, Dakota zote mbili, Nebraska au Wyoming, aweke hapa chini. Picha sitaki.