Mrejesho: utando wa kijani kwenye baraza la mbao, Luchelele (Mwanza)

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kuondoa utando wa kijani uliofanya baraza langu la mbao linaloelekea ziwani liteleze vibaya wakati wa masika. Mlinijibu kwa moyo, nami nawashukuru sana.

Nilifuata ushauri wa aliyesema nisugue kwanza kwa brashi ngumu ya nailoni na maji ya sabuni, nikifuata mkondo wa nyuzi za mbao, kisha nimwagie siki nyeupe bila kuizimua na kuiacha ikae kabla ya kusuuza. Mashine ya maji ya presha sikuitumia, kwa kuwa mliotahadharisha kwamba huchanachana uso wa mbao mlikuwa na hoja nzito. Dawa ya klorini nayo niliiweka mbali, kwani ikikutana na siki hutoa gesi yenye sumu.

Upande unaopigwa na jua umetakata, na mguu hautelezi hata mbao zikilowa. Kona iliyo chini ya mwembe, hata hivyo, imeanza kuwa kijani tena. Nilipopitisha kisu chembamba kati ya mbao na mbao, yalitoka majani yaliyooza, meusi na yaliyolowa kama tope, na naamini unyevu huo ndio unaoulisha utando. Nimeyatoa yote na kupunguza matawi ya chini ili jua lifike.

Mafuta ya kulinda mbao bado sijapaka. Nasubiri kiangazi cha Juni, mbao zikauke kwanza hadi ndani.