Kanisa kuu la Chartres kuingia ni BURE! Sisi kiingilio tulimlipa nani?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Jumamosi iliyopita jumuiya yetu, Watanzania na Wakenya tunaoishi Paris, ilikwenda kuhiji Chartres, mji wa Ufaransa usio mbali na Paris. Safari iliandaliwa na wakala mmoja anayejitangaza kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Jina silitaji. Kila kichwa alikitoza euro 15 za "kiingilio". Kumbe mle ndani mtu anaingia bure! Kinacholipiwa ni kupanda mnara na kuteremka kwenye kanisa la chini ya ardhi, na kote huko hakutupeleka. Nilipomdai risiti akasema tutaongea kwenye basi. Kwenye basi akaziba masikio kwa spika zake za masikioni, akalala.

Hela inauma, lakini kinachonikosesha usingizi ni zile dakika 40 alizotupa. Dakika 40 kwa Chartres! Kanisa liliungua mwaka 1194, likajengwa upya karibu lote ndani ya miaka 30 hivi, likatabarukiwa 1260. Sehemu kubwa ya vioo vyake vya rangi ni vya wakati huohuo. Mwaka 1939, vita inanukia, watu walivishusha, wakavifunga na kuvificha mbali ili mabomu yasivikute. Watu wamehangaika namna hiyo kutuhifadhia, halafu huyu anatupigia makofi mgongoni: "Picha, picha, twende!"

Vioo vile vingi husomwa kuanzia chini kwenda juu. Kile cha Msamaria Mwema, pale chini kabisa, kina mafundi viatu wakiwa kazini, maana mafundi wa mji nao wamewekwa humo pamoja na watakatifu. Yeye akatuambia ni mitume. Mitume gani wanashona viatu? Watoto waliokuwa nasi wamerudi nyumbani na uongo huo.

Na kuna mama yetu mmoja, mtu mzima, magoti yanamsumbua. Alikuja kwa ajili ya dirisha moja tu, lile la Bikira Maria mwenye vazi la buluu, lililonusurika moto wa 1194. Ameshatoa rozari, ameshika kiti ili apige magoti taratibu, jamaa akamvuta mkono: "Mama, gari linaondoka." Mama wa watu akainuka, akairudisha rozari kwenye pochi. Nilitamani kulia.

Halafu tangazo lake lilisema tutatembea ile njia ya sala, ile ya duara iliyotandazwa kwa mawe sakafuni, upana wake karibu mita 13. Tumefika, viti vimepangwa juu yake. Njia ile kwa kawaida hufunguliwa Ijumaa, kuanzia Kwaresima. Mtu anayefanya biashara ya hija anakosaje kujua hilo? Au alijua akanyamaza?

Ninachotaka: arudishe euro 15 za kila mtu, na yule mama ampigie simu yeye mwenyewe amwombe radhi.

Mnaopanga kwenda, msimpe mtu hela ya kiingilio. Pandeni treni pale Paris, kituo cha Montparnasse, ni mwendo wa saa moja na kidogo, na ukishuka minara unaiona, unatembea kwa miguu tu. Nendeni Ijumaa, mkae mnavyotaka.

Nani mwingine kapigwa na wakala wa aina hii? Mje hapa mseme.